Vitabu Arobaini Visivyopendwa

Hebu mwone akiingia. Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mkoba umemvuta bega upande mmoja. Ndani ya mkoba mna chakula cha mchana, vitabu vitatu vya watoto, na kopo la sabuni lenye kitambaa kibichi cha kufutia vidole vya watu wasiomhusu. Anafika kwenye mlango wa maktaba, anazungusha ufunguo kinyume na inavyopaswa, anaupiga mlango goti pale chini kulia, mlango unafunguka. Wenzake wamejaribu goti hilo hilo kwa miaka na kuishia kuchechemea.

Huyo ndiye Bi Muhuri. Jina lake la kweli limo kwenye faili la utumishi, na huko ndiko lilikobaki.

Aliingia maktaba hiyo kwa kibarua cha wiki tatu, kumshikia nafasi mkutubi aliyekwenda kujifungua. Mtoto wa yule mkutubi sasa ana ndevu, na Bi Muhuri bado anamshikia mama yake nafasi. Wamempa chumba cha watoto: meza nne fupi, viti kumi na sita ambavyo mtu mzima akivikalia magoti yanamfika masikioni, dirisha linalotazama kituo cha teksi, na rafu tano. Rafu nne zina hadithi za sungura na vitabu vya hesabu. Ya tano, iliyo chini ya dirisha, ndiyo iliyomtia wazimu.

Rafu hiyo ina vitabu vya mambo ya kweli. Vinaeleza picha zinavyochorwa na zimechorwa tangu lini, rangi hutoka wapi, na maktaba zilianzaje, yaani watu walihifadhi wapi maneno yao kabla hakujawa na karatasi, kabati wala wakutubi wenye vitambaa vibichi. Vyote ni vya watoto, vyote vina picha za rangi. Vililetwa ndani ya maboksi mawili miaka kumi na tisa iliyopita, vitabu arobaini na kimoja, na tangu siku hiyo Bi Muhuri hajaweza kukaa na binadamu mwenzake dakika tano bila kumpendekezea kitabu.

Wala si utani. Nenda kamuulize kitabu cha kupunguza kitambi, utatoka unajua kwamba wekundu fulani wa wachoraji wa zamani ulitengenezwa kwa wadudu waliosagwa. Kwenye foleni ya kliniki alimpendekezea daktari. Daktari alikuwa amemshika mapigo ya moyo, na inasemekana ndiye aliyeuachia mkono kwanza. Dada yake mkubwa, ambaye anaishi naye, huwaonya wageni mapema.

"Karibuni sana," huwaambia mlangoni. "Mdogo wangu akianza habari za mapango, itikieni kwa kichwa. Msiulize swali. Mkiuliza, chakula kitapoa."

Sasa utadhani mtu wa namna hii alikuwa akivigawa vitabu hivyo kama njugu. Thubutu. Mwezi wa kwanza tu baada ya maboksi kufika, kitabu kimoja kiliazimwa kikarudi bila ukurasa wa farasi. Mtu alikuwa ameukata kwa wembe, taratibu, kwa mkono wenye nidhamu. Bi Muhuri alishika tama siku nzima. Siku ya pili alikwenda kwa fundi wa mihuri, akachongesha muhuri mkubwa wa herufi nene: HAKIAZIMWI. Akavipiga vitabu vyote arobaini vilivyobaki, jaladani, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho, na kimoja akakipiga hata kwenye tumbo la tembo aliyechorwa ukurasa wa kumi, kwa sababu mkono ulikuwa umeshashika kasi. Ndiyo asili ya jina lake. Tangu hapo vitabu hivyo vilisomwa mle mle ndani, kwenye meza fupi, chini ya macho yake, vidole vikiwa vimepitiwa na kitambaa kibichi.

Na vilisomwa. Mchora mabango wa mtaa wa nyuma, mtu mzima na mabaka yake ya rangi yaliyokauka kwenye vidole, amekuja kila mchana kwa miaka sita kukaa kwenye kiti cha mtoto na kusoma *Buluu Ilitoka Jiweni*. Mikono yake haifutiki, hivyo hufunua kurasa kwa kiwiko. Watoto wa shule iliyo ng'ambo ya barabara walipanga foleni ya *Mikono ya Pangoni*, ambacho ukurasa wake wa kumi na nne una kiganja cha mtu aliyeishi zamani mno, aliyekiweka ukutani akapulizia rangi pembeni. Kila mtoto aliyefika hapo aliweka kiganja chake juu ya kile. Kila mmoja, bila kuambiwa na mtu.

Basi miaka kumi na tisa ikaenda hivyo kwa raha, mpaka Mkuu wa maktaba alipokwenda semina.

Mkuu ni kijana wa miaka thelathini na nane, mwenye shati lililonyooka na adabu nyingi. Semina ilikuwa ya siku tatu na ilimfundisha neno moja, takwimu, ambalo alirudi nalo kama mtu aliyerudi na mchumba. Alitangaza kwamba maktaba itapunguza vitabu visivyopendwa ili kupata Kona ya Mapokezi. Kona hiyo itakuwa na kochi. Kochi ni la wageni wa heshima, ambao hawajawahi kuja, bila shaka kwa sababu ya kukosa pa kukaa.

Njia yake ya kukijua kitabu kisichopendwa ilikuwa ya kitaalamu mno. Unakigeuza kitabu, unafungua jalada la nyuma, unatazama karatasi inayogongwa tarehe kila kinapoazimwa. Tarehe nyingi, kinapendwa. Karatasi tupu, hakipendwi. Habari za ndani ya kitabu hazikuhitajika.

Jumatatu akafika kwenye rafu ya tano. Akageuza kitabu cha kwanza, cha pili, cha saba. Karatasi zote nyeupe pee.

"Mama, hiki mara ya mwisho kimeazimwa lini?"

"Hakijawahi, mkuu."

"Na hiki?"

"Nacho vilevile."

"Kwa hiyo havipendwi."

"Haviazimwi, mkuu. Imeandikwa hapo. Na hapo. Na hapo kwenye tembo."

Mkuu akamtazama tembo. "Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi umeturahisishia kazi, mama," akasema Mkuu kwa upole, akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Bi Muhuri si mtu wa kukubali kirahisi. Akachomoa *Mikono ya Pangoni*, akafungua ukurasa wa kumi na nne, akamwekea mezani. Ukurasa ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Miaka kumi na tisa ya viganja ilikuwa imelala pale, kitambaa kibichi kisiweze kitu, kiasi kwamba kile kiganja cha kale kilionekana kama kimepata ukoo.

"Takwimu ndizo hizi," akasema. "Hesabu mwenyewe."

Mkuu akainama, akatazama kwa makini, akasikitika kweli kweli.

"Pole sana, mama. Sikujua kuna vilivyochakaa kiasi hiki. Vilivyochakaa navyo vinaondoka. Viko kwenye safu ya pili." Akamwonyesha karatasi. Safu ya kwanza: vitabu safi, havisomwi, viondolewe. Safu ya pili: vitabu vichafu, vimeharibika, viondolewe. Hakukuwa na safu ya tatu. "Ijumaa nakuja na kamati na maboksi. Lakini sisi si watu wabaya. Ukiniandikia orodha ya vitabu kumi unavyovipendekeza, vyenye ushahidi wa kuazimwa, tutavifikiria."

Mapendekezo kumi, kwa mwanamke aliyempendekezea kitabu hata fundi bomba akiwa ameingiza kichwa chini ya sinki. Ungedhani ni kazi ya nusu saa. Jumatatu jioni alikaa mezani nyumbani akaandika jina moja, akalikata, kwa sababu kuliandika hilo ni kuyasaliti mengine thelathini na tisa.

Dada yake alimwangalia kutoka jikoni, ambako alikuwa akiunguza wali kwa utulivu wa mtu aliyezoea.

"Umeandika vingapi?"

"Hakuna."

"Afadhali. Na hata ukiandika kumi, ushahidi wa kuazimwa utautoa wapi? Umevifungia mwenyewe miaka yote hiyo kama binti wa mfalme, leo unashangaa havina wachumba."

"Dada, nilikuwa navilinda."

"Umevilinda vizuri sana. Hakuna aliyevipata. Hata wewe sasa hutavipata."

Maneno hayo yalimkaa rohoni, ila Bi Muhuri ni mtu wa kubishana na dada yake kwanza, kisha kumwelewa siku mbili baadaye. Aliyemmalizia alikuwa mtu mwenye miaka tisa.

Jumatano alasiri alikuja mjukuu wa fundi cherehani, mtoto wa kike mkimya, ambaye bibi yake humwacha maktaba wateja wanapokuwa wengi. Alikuwa amefika nusu ya *Mnyororo wa Kitabu*. Hicho kinaeleza maktaba za zamani za nchi za baridi, ambako kila kitabu kilifungwa mnyororo wa chuma kwenye rafu. Ukitaka kusoma, unasoma pale pale, mnyororo ukilia kila ukigeuza ukurasa. Bi Muhuri alikuwa amekipendekeza kitabu hicho kwa watu wasiopungua mia mbili, kila mara akicheka: jamani, watu wa kale na visa vyao.

"Bibi," mtoto akasema, kidole kwenye picha. "Walivifunga ili visiibiwe?"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Kitabu kimoja kilichukua mwaka mzima kuandikwa."

"Na watu hawakuruhusiwa kwenda navyo nyumbani?"

"Hapana."

"Kama sisi," mtoto akasema, akafungua ukurasa uliofuata.

Hakusema kwa ubaya. Hakusubiri hata jibu. Bi Muhuri alibaki na kitambaa chake mkononi, maji yakimchuruzika kwenye kiatu. Watu mia mbili amewachekesha kwa kitabu hicho, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuwa na adabu ndogo ya kumwambia.

Alhamisi alifika saa moja asubuhi. Akavishusha vitabu vyote arobaini, akachukua rula na kalamu nyekundu, akaanza kukata mihuri, mmoja mmoja, mstari ulionyooka. Mihuri mia moja ishirini na mmoja, ukimhesabu tembo. Mlango ulipofunguliwa kwa watu, alivaa miwani, akakaa, akaanza kufanya kazi aliyodai ameifanya kwa miaka kumi na tisa: kuwapa watu vitabu.

Wa kwanza kutoka alikuwa mchora mabango, na mlinzi akamsimamisha mlangoni. Mlinzi wa maktaba hiyo ana kazi moja maishani, nayo ni kuhakikisha vitabu vya rafu ya tano havitoki. Ameifanya kwa ukamilifu. Alimrudisha mchora mabango ndani, amemshika mkono kama mwizi wa kuku.

"Huyu anatoka na cha rafu ya dirishani."

"Nimempa mimi, kaka," akasema Bi Muhuri.

"Kina muhuri."

"Umekatwa."

"Naona umekatwa. Aliyeukata ni nani?"

"Aliyeupiga."

Mlinzi alifikiri. "Unaumwa?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hata mimi nimemuuliza hivyo hivyo," akasema mchora mabango, ambaye alikuwa amekikumbatia *Buluu Ilitoka Jiweni* kwa mikono miwili na kusahau habari ya viwiko. "Miaka sita, bibie. Nimesoma kitabu hiki kwa vipande vya robo saa. Leo usiku nitajua mwisho wake."

"Mwisho wake ni kwamba buluu ilikuwa ghali kuliko dhahabu," Bi Muhuri akamwambia. "Lakini ukurasa wa arobaini usome mara mbili. Halafu uniambie yale mabango yako ya saluni kwa nini yote yana rangi ya manjano."

Akaendelea. Shule ya ng'ambo ilipotoka alikuwa amesimama getini, kitu ambacho walimu walikizungumzia kwa wiki nzima. Mtoto aliyechora ukutani kwao kwa mkaa alipewa *Mikono ya Pangoni*, na maelekezo: mwonyeshe mama ukurasa wa kumi na nne kabla hajafungua mdomo. Wawili waliokuwa wakigombania mpira walipewa *Maktaba Yenye Kwato*, juu ya vitabu vinavyosafirishwa kwa migongo ya wanyama hadi kusikofika gari, na wakaambiwa wasome pamoja kwa sababu kuna ngamia mmoja tu. Kijana wa teksi alipewa kimoja kupitia dirishani. Daktari wa kliniki aliletewa chake mkononi, na safari hii hakuwa na mapigo ya mtu ya kujifichia. Mjukuu wa fundi cherehani hakuuliza chochote. Bi Muhuri alimgongea tarehe kwenye *Mnyororo wa Kitabu*, mtoto akakiweka ndani ya fulana, akaenda zake.

Jioni kilibaki kimoja, *Vitabu vya Udongo*. Akaenda nacho nyumbani, akakiweka mbele ya dada yake.

"Watu wa kale waliandika kwenye vibao vya udongo," akaanza.

"Sijauliza swali," dada akasema.

"Maktaba yao ikashika moto. Ule moto ukavichoma vile vibao vikawa vigumu kama tofali, ndiyo maana vimetufikia. Ni vitabu vilivyonufaika kwa kuunguzwa. Nikaona ni wewe tu wa kuvithamini."

Dada akaitazama sufuria yake, akakivuta kitabu karibu. Usimwambie mtu, lakini alikuwa bado anakisoma wali ulipoanza kunuka.

Ijumaa saa nne Mkuu akaja na kamati yake ya watu wawili na maboksi manne matupu. Koridoni kochi lilikuwa limeshafika, bado limefungwa nailoni, likingoja kama bwana harusi. Wakasimama mbele ya rafu ya tano. Kulikuwa na vumbi na kipini cha nywele.

"Viko wapi?" Mkuu akauliza.

"Vimeazimwa."

"Vyote?"

"Arobaini kwa arobaini. Sikusoma sana, mkuu, lakini nadhani hiyo inaitwa asilimia mia."

Wanakamati wakatazama chini. Mkuu akafungua daftari la kuazima, akapitia majina, akafika kwa daktari, akafika kwa mlinzi wake mwenyewe aliyechukua kitabu cha sanamu, akalifunga. Semina haikuwa imefika hapo. Lakini, tumpe haki yake, hakuwa mjinga.

"Kuazimwa ni nusu, mama," akasema. "Ndoo yenye tundu nayo hujaa. Nusu ya pili ni kurudi. Vikirudi vyote arobaini ndani ya siku kumi na nne, rafu inabaki na mimi mwenyewe nitalitoa kochi. Kikikosekana kimoja, kochi linaingia, na vilivyobaki vinaingia kwenye maboksi."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

Vikaanza kurudi. Mchora mabango alirudisha siku ya tano, na siku ya sita bango la saluni lilikuwa la buluu. Wale wa ngamia walirudisha kikiwa kimefungwa kwenye gazeti. Daktari alikuja mwenyewe, akauliza kama kuna kingine, na Bi Muhuri ilibidi aende stoo kidogo akajikohoze. Siku ya kumi na tatu vilikuwa thelathini na nane. Siku ya kumi na nne asubuhi dada yake alimkabidhi cha udongo, kurasa mbili zikinukia moshi. Thelathini na tisa.

Saa kumi alasiri akaja fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, mikono mitupu.

"Dada, nimeshindwa," akasema. "Nimemwambia tangu jana kinarudi leo. Amekificha. Nimetafuta kitandani, nimetafuta kwenye mitumba ya vitambaa, nimeifungua hata cherehani. Na hasemi. Mtoto ambaye hajawahi kuniibia hata kifungo."

Mkuu alikuwa amekaa kwenye kochi kule koridoni, juu ya nailoni, anatazama saa. Maktaba hufungwa saa kumi na moja.

Bi Muhuri akamfuata fundi kwa miguu, mitaa miwili. Chumba cha ushonaji kilikuwa na cherehani mbili, magauni yasiyo na mikono yamening'inia kwenye waya, na chini ya meza ya kukatia, kati ya mabunda ya bitana, mtoto amekaa. Bi Muhuri akapiga magoti, kisha akaingia chini ya meza naye, mwili wake wote wa miaka hamsini na sita. Wakakaa bega kwa bega.

Maisha yake yote alikuwa ametaka mtoto mmoja akipende kitabu kiasi cha kushindwa kukiachia. Basi alikuwa amempata, saa kumi na robo, siku ya mwisho.

"Kisiporudi leo," akamwambia, "vile vingine vyote vinaondoka."

"Na kikirudi?"

"Vinabaki. Mkuu ameahidi."

Mtoto akaingiza mkono ndani ya bunda la bitana nyeusi, akakitoa. Alikuwa amekivika mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, mshono umepinda. Akakiweka mapajani, hakumpa.

"Bibi, nikikirudisha, kesho nitakikuta?"

Bi Muhuri akafungua mdomo. Akamkumbuka Mkuu na shati lake lililonyooka, na safu zake mbili, na semina nyingine iliyotangazwa ya mwezi ujao. Akakumbuka pia muhuri, ambao bado ulikuwa kwenye droo yake, na mkono wake mwenyewe jinsi unavyoshika kasi. Saa ya ukutani ya fundi ilikuwa inaelekea kumi na nusu, na mtoto alikuwa anamtazama usoni, anasubiri.

Wewe, msomaji wangu, ungekuwa chini ya meza ile, ungemjibu nini?